Sura ya 6: Nyumba Imejaa Watu, Mama Yu Mpweke

Watu wenye wazazi wazee wana swali ambalo hawaachi kuulizana, iwe msibani, harusini au kwenye benchi la kliniki: "Mama tumemleta mjini. Anakula vizuri, dawa za presha anazipata kwa wakati, chumba chake anacho, wajukuu wamemzunguka. Mbona anazidi kudhoofika?"

Wengi hujijibu kwamba uzee ndio huo. Wengine humpeleka mama hospitali, anapimwa damu, mkojo na moyo, na majibu yanaonyesha hana ugonjwa mpya. Anarudi nyumbani na vitamini. Baada ya miezi michache chakula anakiacha nusu, usingizi haupati, na majina ya wajukuu yanaanza kumpotea.

Jibu la swali hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba mahusiano ya mzee na watu ni sehemu ya afya yake, sawa na presha na sukari. Yakikatika, mwili nao unaumia. Ya pili ndiyo inayozipita familia nyingi zenye upendo wa kweli: kuzungukwa na watu na kutunzwa hakutoshi. Mzee anahitaji kuhitajika, na anahitaji watu wake mwenyewe, hasa wa rika lake. Tukimpa chakula, dawa na kitanda kizuri huku tukimnyang'anya hayo mawili, tumemtunza nusu.

Kutoka Lushoto hadi Kimara

Tumchukue kwa mfano bibi wa miaka 72 aliyeishi Lushoto maisha yake yote. Asubuhi anashuka shambani kukagua migomba na maharage. Njiani anasalimiwa na kila anayepita, anasimama, anauliza habari za mgonjwa wa nyumba ya tatu. Mchana jirani anakuja kuomba chumvi na kukaa saa nzima. Alhamisi ana darsa la akina mama msikitini, Jumamosi ana kikoba. Binti wa ukoo akitaka kuolewa, bibi anaitwa. Mume na mke wakigombana, bibi anaitwa. Mtoto mchanga akilia usiku kucha, anaitwa yeye kabla ya daktari.

Sasa magoti yanamuuma na watoto wameingiwa na hofu. Wanamleta Kimara, Dar es Salaam. Alfajiri watu wazima wanawahi daladala, watoto wanapanda basi la shule, geti linafungwa. Anabaki na dada wa kazi na televisheni. Akishika ufagio anaambiwa, "Bibi, acha, nitafagia mimi." Akitaka kupika, "Mama, pumzika, umefanya kazi vya kutosha." Jioni wote wanarudi wamechoka, kila mmoja na simu yake. Wanampa shikamoo, wanamuuliza kama amekula, wanalala.

Hakuna aliyemfanyia ubaya. Lakini hesabu alichopoteza. Lushoto alikuwa jirani, mkulima, mwanakikoba, mwanadarsa, mshauri wa ukoo na shoga wa wanawake aliokua nao. Kimara amebaki na cheo kimoja: mama anayetunzwa.

Mambo mawili yanayochanganywa

Wataalamu wa afya hutofautisha hali mbili, na tukizichanganya tutampa mzee tiba isiyo yake.

- Kukosa watu ni hali inayoweza kuhesabiwa: mtu haonani na wengine, hana wa kumtembelea, siku zinapita bila mazungumzo.
- Upweke ni maumivu ya moyoni ya mtu anayeona kwamba mahusiano aliyonayo si yale anayoyahitaji.

Mtu anaweza kuwa na hali moja bila nyingine. Mzee wa Kilwa anayeishi peke yake, lakini kila alasiri yuko barazani akicheza bao na wenzake, huenda asijue upweke ni nini. Bibi yetu wa Kimara ana watu tisa ndani ya nyumba na analia usiku. Ndiyo maana kusema "lakini anaishi na sisi" hakutoshi kuwa jibu. Aliye peke yake anahitaji watu. Aliye mpweke katikati ya watu anahitaji aina nyingine ya mahusiano.

Watafiti waliona nini

Mwaka 1965, katika wilaya ya Alameda, jimbo la California nchini Marekani, watu wazima karibu 7,000 waliulizwa mambo ya kawaida kabisa: Umeoa au umeolewa? Una marafiki na ndugu unaoonana nao? Unashiriki ibada? Uko kwenye kikundi chochote? Wakafuatiliwa kwa miaka tisa. Matokeo yaliyochapishwa na Lisa Berkman na Leonard Syme mwaka 1979 yalionyesha kwamba waliokuwa na mahusiano machache kabisa walifariki kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na mahusiano mengi.

Mtu makini atauliza: je, si kwamba wagonjwa ndio wasiotoka nje, na hivyo ugonjwa ndio uliowaua? Swali hilo ni la haki. Watafiti walizingatia afya ya kila mmoja mwanzoni mwa utafiti, kipato, uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe. Tofauti ilibaki. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wakakusanya pamoja tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Walikuta kwamba uwezekano wa kuendelea kuishi katika kipindi cha utafiti ulikuwa mkubwa kwa asilimia 50 kwa watu wenye mahusiano imara.

Utafiti mwingine ulianza mwaka 1938 mjini Boston na haujaisha hadi leo. Uliwachukua vijana wa kiume 724, wengine wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, wengine watoto wa mitaa ya maskini, na kuwafuatilia hadi uzeeni. Baadaye wake zao na watoto wao wakaongezwa. Daktari wa akili Robert Waldinger, anayeuongoza, anaeleza kwamba walipotaka kujua nani wa miaka 50 angekuwa na afya njema akifika 80, kuridhika kwake na mahusiano yake kulitabiri vizuri kuliko kiwango chake cha kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu.

Kuna utafiti mmoja mdogo unaoligusa moja kwa moja swali la nyumba iliyojaa watu. Ulichapishwa mwaka 1997 na Sheldon Cohen na wenzake wa Pittsburgh. Watu 276 wenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 55, walikubali kudondoshewa puani virusi vya mafua, kisha wakatengwa ili ionekane nani ataugua. Watafiti hawakuishia kuhesabu idadi ya watu ambao kila mmoja alikuwa akionana nao. Walihesabu aina za mahusiano: mke au mume, mzazi, mtoto, jirani, rafiki, mwenzake wa kazini, muumini mwenzake, mwanakikundi. Waliokuwa na aina moja hadi tatu tu walikuwa katika hatari ya kuugua zaidi ya mara nne kuliko waliokuwa na aina sita au zaidi.

Hawa hawakuwa wazee, na mafua si kiharusi. Hata hivyo utafiti huo unatufundisha tuhesabu vizuri. Wajukuu saba ni watu saba, lakini ni aina moja ya uhusiano. Bibi alipotoka Lushoto alipoteza aina tano au sita kwa mpigo.

Upweke unaingiaje mwilini?

Unaingia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni msongo usioisha. Mtu anayejiona hana wa kumtegemea hukaa macho kama aliye hatarini. Mwili humwaga kortisoli, kemikali inayotuandaa kupambana au kukimbia. Kwa dakika chache inasaidia. Ikibaki juu kwa miezi, presha hupanda, usingizi unakuwa mwepesi, na kinga ya mwili inabaki imewashwa hata pasipo na mdudu wa kupigana naye, hadi inaanza kuumiza mishipa ya damu.

Njia ya pili ni ubongo kukosa kazi. Mazungumzo ni kazi nzito kwa ubongo: kusikiliza, kukumbuka majina, kupima maneno, kutania, kujibu. Mtu asiyezungumza siku nzima anaukosesha ubongo mazoezi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, yaani kuzorota kwa ubongo kunakomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea. Kukosa watu ni mojawapo. Jopo lilikadiria kwamba karibu nusu ya dimensia yote duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo 14 yangeshughulikiwa.

Njia ya tatu ni mazoea ya kila siku. Anayekula peke yake hula kidogo. Asiye na mahali pa kwenda hatembei, na misuli ya miguu inapungua hadi anaanguka. Asiye na wa kumuuliza "Leo umemeza dawa?" huziruka. Asiye na wa kumtazama usoni atakaa na dalili za kiharusi hadi jioni.

> Muhtasari
> - Kukosa watu na upweke ni hali mbili. Mzee anaweza kuwa na moja au zote mbili.
> - Mahusiano dhaifu huongeza hatari ya kufa mapema, hata tukizingatia umaskini, sigara na ugonjwa wa awali.
> - Aina za mahusiano zina uzito wake, mbali na idadi ya watu.
> - Madhara hupitia msongo, ubongo na mazoea ya kila siku.

"Lakini huo si ugonjwa wa Wazungu?"

Ni kweli kwamba nchi tajiri ndizo zilizoanza kulizungumza jambo hili serikalini. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafuata mwaka 2021. Sisi tukaona hayo yanawahusu watu wanaoishi mmoja mmoja kwenye maghorofa, wasiojua jina la jirani.

Lakini mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake kuhusu mahusiano ya watu na afya. Ilieleza kwamba duniani kote mtu mmoja kati ya sita ana upweke. Katika nchi za kipato cha chini, wanaosema wana upweke ni asilimia 24, ilhali katika nchi tajiri ni asilimia 11. Ripoti hiyo ilihusisha upweke na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka.

Takwimu hizo zinaeleweka tukitazama maisha yetu. Vijana wamehamia mijini. Pesa inayotumwa kwa simu, ambayo ni baraka kubwa, imechukua pia nafasi ya safari iliyokuwa ikiipeleka mkono kwa mkono. Wapo wazee waliopelekwa London au Toronto kwa watoto wao, wanaokaa ndani majira yote ya baridi bila jirani anayejua Kiswahili. Na wapo vijijini mabibi wanaolea wajukuu watano waliofiwa au walioachwa, wenye kelele za watoto kutwa nzima na wasio na mtu mzima hata mmoja wa kumwambia, "Leo nimechoka."

Milango inayofungwa bila kelele

Upweke wa uzeeni mara nyingi hauji siku moja. Milango hufungwa mmoja baada ya mwingine, na mingi inaweza kufunguliwa tena ikiwa familia itaiona.

1. Masikio. Mzee asiyesikia vizuri hujibu sivyo, watu wanacheka au wanarudia kwa kupaza sauti, naye anaona aibu na kunyamaza. Familia inasema, "Siku hizi babu hapendi mazungumzo." Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba na inasafishwa kliniki. Wakati mwingine anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia. Kupungua kwa usikivu nako kumo katika yale mambo 14 ya dimensia.

2. Macho. Mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunika mboni, huondolewa kwa upasuaji mfupi. Asiyeona nyuso hasalimii, na asiyesalimia anaonekana ana kiburi.

3. Mkojo. Huu ndio mlango usiozungumzwa. Mwanamke asiyeweza kuzuia mkojo, au mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, huacha kwenda msikitini, kanisani na harusini kwa kuogopa kuaibika. Atatoa sababu nyingine zote isipokuwa hiyo. Matibabu yapo, kuanzia mazoezi ya misuli ya nyonga hadi dawa.

4. Kufiwa. Kifo cha mwenza huondoa pia watu waliokuja kwa ajili yake. Arobaini ikishapita, wageni wanakatika, na hapo ndipo majonzi makubwa huanza.

5. Mfuko mtupu. Katika jamii zetu mahusiano yana michango: ya msiba, harusi, kikoba. Mzee asiye na cha kutoa hujiondoa mapema ili kulinda heshima yake. Ndiyo sababu fedha kidogo ya mkononi ni suala la afya. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la, na baadaye kiwango kikapandishwa. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, unaowapa wenye miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mzee mwenye noti yake mwenyewe anaingia msibani akiwa mtu kamili.

6. Shutuma. Kuna jambo ambalo hatuna ruhusa ya kulikwepa. Usukumani, vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jiko kwa miaka mingi. Kilifi, Kenya, wazee wenye mvi wamekimbia nyumba zao kwa tuhuma hizohizo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi. Dimensia inaongeza hatari: bibi aliyepotea usiku akakutwa uwanjani kwa watu anaitwa mchawi, wakati ni mgonjwa. Kila mzee anayeishi karibu na hofu hiyo hujifungia ndani. Jamii inayowatuhumu wazee wake imewahukumu upweke hata wale ambao haijawagusa.

Kuhitajika

Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na tatizo mjini Harare, Zimbabwe. Wagonjwa walikuwa wengi na wataalamu wa kuhesabika. Hakupewa majengo wala wauguzi. Alichopata ni mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya. Akawafundisha kumsikiliza mtu mwenye mawazo mazito, kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kwanza. Waliketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi kama hao walikuwa na dalili chache za sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki.

Tazama kilichowafanya mabibi hao wafae. Kilikuwa umri wao. Walijua maneno ya mtaani, walishafiwa, walishaachwa, walishalea kwa shida. Kile ambacho nyumba nyingi hukiita mzigo, pale kilikuwa sifa ya kazi.

Baltimore, Marekani, mpango mmoja ulioasisiwa na daktari wa wazee Linda Fried na wenzake uliwapeleka watu wa miaka 60 na zaidi katika shule za msingi, kwa saa 15 kila wiki, kuwasaidia watoto kusoma. Ulibuniwa kimakusudi ili watoto wafaidike na wazee wafaidike. Wazee walitembea zaidi, nguvu zao ziliongezeka, na walisema wamepata watu wengi zaidi wa kuwategemea. Hawakuambiwa, "Fanyeni mazoezi." Waliambiwa kuna watoto wanawasubiri.

Hapa ndipo neno letu la upendo, "Mama, pumzika," linapohitaji kupimwa. Anayeumwa apumzike. Anayeweza kuchambua mchele, kumwagilia bustani, kumsimulia mjukuu hadithi ya ukoo, kusimamia fundi au kutunza hesabu ya matumizi ya nyumbani, akipumzishwa yote hayo anafikishiwa ujumbe kwamba zamu yake imeisha. Na mwili unausikia ujumbe huo.

Lakini kuhitajika si kubebeshwa. Bibi anayelea wajukuu watano peke yake anahitajika kupita kiasi. Kipimo ni hiki: jukumu zuri analiweza, amelichagua, linatambuliwa, na linamwachia nafasi ya kukaa na wenzake. Likikosa hayo, ni mzigo, na dawa yake ni kumpunguzia.

Somo kutoka Hai

Watu hudhani kwamba mzee akishaanza kupoteza kumbukumbu, wakati wa mahusiano umepita. Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, inatuonyesha vinginevyo. Watafiti walichukua tiba ya vikundi iliyobuniwa Uingereza, wakairekebisha ifae maisha ya kijijini, na kuitumia kwa wazee 34 wenye dimensia ya kiwango cha chini na cha kati. Vilikuwa vikao 14 kwa wiki saba. Hakukuwa na dawa mpya. Katika vikao vya tiba hii wazee hukaa kwenye kikundi kidogo, wakizungumza, wakiimba, wakitambua vitu wanavyovijua na kusimulia ya zamani, huku wakiongozwa na mtu aliyefunzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezo wa kufikiri uliimarika na wasiwasi ukapungua.

Tiba hiyo haiponyi dimensia. Inachothibitisha ni kwamba ubongo uliochoka bado unaitikia unapoitwa kwa namna inayoufaa, tena kwa gharama ambayo kijiji kinaimudu.

Tufanye nini?

*Kwa watoto na wakwe:*

- Kabla ya kumhamisha mzazi, orodhesha watu na shughuli atakazoziacha. Huenda ni nafuu kumlipia msaidizi na kumtengenezea choo cha kukalia kulekule kwake kuliko kumng'oa.
- Akishahama, wiki ya kwanza mpelekeni msikitini, kanisani au kwenye jumuiya ndogondogo ya mtaa, na mtambulisheni kwa wazee wa mtaa ule. Msisubiri azoee kwanza; atazoea kwa kutoka.
- Mpe jukumu lenye jina lake. Liwe la kweli, ambalo asipolifanya pengo litaonekana.
- Ukipiga simu, usiishie kuuliza kama pesa imefika. Omba ushauri: "Mama, huyu mtoto ana homa za mara kwa mara, ninyi mlifanyaje?"
- Pima masikio na macho kila mwaka. Kuhusu mkojo, uliza faraghani, kupitia mtu ambaye mzee hatamwonea haya.
- Mwachie fedha yake, hata ndogo, asiyoulizwa ameitumiaje.

*Kwa wewe mzee unayesoma au kusomewa sura hii:*

- Usingoje kutembelewa. Anza wewe, hata kwa mtu mmoja kila wiki.
- Tafuta rafiki mdogo kwako kwa miaka ishirini. Wenzako wataondoka, na mti usiotoa chipukizi hukauka.
- Ukifiwa, mruhusu mtu mmoja akuone ukilia.
- Fundisha unachokijua: kusuka ukili, kutibu mbuzi, kutunga mashairi, kusoma Kurani, kupika pilau ya watu mia.

*Kwa mitaa, nyumba za ibada na serikali:*

- Vikao vya mabaraza ya wazee vifanyike mchana, mahali penye kivuli, viti vyenye egemeo na choo cha karibu. Bila choo, nusu yao hawaji.
- Siku ya kliniki ya presha na sukari wazee wamekwisha kukusanyika tayari. Nusu saa ya mazungumzo na chai pale haigharimu mengi.
- Msikiti au kanisa liwe na orodha ya wazee wasiotoka ndani, na vijana wa zamu wa kuwatembelea.
- Kiongozi wa mtaa anayesikia tetesi za uchawi dhidi ya mzee achukue hatua siku ileile.

Maswali matano ya kujipima

Usikisie hali ya mzee wako. Jiulize:

1. Wiki hii, nani alimwomba ushauri?
2. Mara ya mwisho alicheka lini na mtu wa rika lake?
3. Kuna jambo gani nyumbani ambalo lingeharibika asipokuwepo?
4. Ana nani wa kumwambia siri, asiye mtoto wake?
5. Ana sababu gani ya kuvaa na kutoka kesho?

Ukikosa majibu matatu kati ya hayo, usiongeze vitamini kwanza. Mabadiliko ya ghafla, kama kuchanganyikiwa, kupungua uzito sana au kukata tamaa ya kuishi, yampeleke hospitali bila kuchelewa, kwa sababu upweke haufuti magonjwa mengine. Lakini ukitoka hospitali na karatasi ya majibu mazuri mkononi, matibabu hayajaisha. Yanaendelea nyumbani, kwa kumrudishia mzee watu wake na kazi yake, na yanaweza kuanza leo kwa swali ambalo wewe, mtoto wake, unahitaji kweli jibu lake.